Sura ya Tisa: Kompyuta Inayowaka Isiamke

Katika masaibu yote yampatayo mtu aliyezoea kufanya kazi zake kwa kompyuta yenye mfumo wa Linux, hapana linalomtia fazaa upesi kama lile la kuiwasha asubuhi, akaiona taa inawaka, akaisikia feni inazunguka, kisha kioo kikabaki cheusi, au kikamtolea mistari michache ya maneno asiyoyafahamu na kusimama papo hapo. Na fazaa yake huzidi akumbukapo kwamba usiku uliopita, kabla ya kulala, alikubali sasisho la mfumo, tena kwa nia njema, kwa kuwa ameambiwa, na ni haki aliyoambiwa, kwamba masasisho ndiyo kinga ya mashine. Mafundi wa mjini wana neno lao fupi kwa hali hii: husema kompyuta haibuti. Mwenyewe, ambaye hana wasaa wa kupima maneno, husema imekufa.

Haikufa, na msomaji akilisadiki hilo tangu mwanzo atakuwa amekwisha kujiepusha na nusu ya hasara. Barua zake, picha zake, hesabu za duka na tasnifu anayoiandika, vyote vingali diskini kama alivyoviacha, maana sasisho la mfumo halina shughuli na mafaili ya mtu. Hubadilisha vyombo vya mfumo wenyewe. Kilichokatika ni njia itokayo kwenye kitufe cha kuwashia hadi kwenye mafaili hayo. Walakini watu wengi, na mafundi wa pupa wamo, huonapo hivyo hukimbilia kufuta diski nzima na kusimika mfumo upya, na sasisho ambalo halikupoteza hata herufi moja likawa ndiyo sababu ya kupotea kila kitu.

Kuamka kwa kompyuta si tendo moja. Ni kazi ya kupokezana, mfano wa wachukuzi wa bandarini waliojipanga tangu jahazini hadi ghalani, kila mmoja akipokea gunia kwa aliye kulia kwake na kumkabidhi aliye kushoto, asijue wala asijali litakwenda wapi likishatoka mikononi mwake. Gunia likianguka, msimamizi mwenye busara haanzi kwa kuuliza nani mzembe. Huuliza lilifika mkono wa nani. Ufundi wote wa sura hii umo katika swali hilo, na yaliyobaki ni kujua majina ya wapokezanaji.

Wa kwanza ni programu iliyochomwa katika bodi kuu ya kompyuta, ambayo katika mashine za zamani, tangu ile ya IBM ya mwaka 1981, ilikuwa BIOS, na katika mashine za siku hizi ni UEFI. UEFI huamka pamoja na umeme, hukagua kumbukumbu na vyombo vilivyounganishwa, kisha huitafuta diskini patisheni ndogo iliyopangwa kwa mtindo wa FAT, ambamo limewekwa faili la kuendelea nalo. Wa pili ni GRUB, kazi iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ambayo husoma faili la maagizo liitwalo grub.cfg, huonyesha menyu ikiwa imeruhusiwa kuionyesha, na kupakia kumbukumbuni vitu viwili: kerneli na initramfs. Kerneli ndiyo Linux yenyewe, ile ambayo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliitangaza tarehe 25 Agosti 1991 akisema ni jambo la kujifurahisha tu.

Initramfs yataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu humo ndimo hitilafu nyingi hujificha. Kerneli, ili iisome diski, yahitaji draiva ya diski hiyo. Na draiva zenyewe zimehifadhiwa diskini. Ndipo huandaliwa mapema kifurushi kidogo chenye draiva za lazima na programu chache, GRUB ikakipakia pamoja na kerneli, kerneli ikakifanya makazi yake ya muda, ikaifungua diski ya kweli, hata kama imefumbwa kwa neno la siri, kisha ikahamia huko. Katika Ubuntu, Debian na Fedora, kama kawaida yake, kifurushi hiki hutengenezwa ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe kila inapoletwa kerneli mpya. Hakiji tayari kutoka kwa watengenezaji, na kwa hiyo kikikosa nafasi ya kukamilika, hapana mtu mwingine duniani aliyekikagua. Kerneli ikisha kuhamia kwenye diski ya kweli huamsha systemd, programu yenye nambari 1 kati ya zote zinazoendeshwa, ambayo Debian na Ubuntu ziliifanya ya kawaida mwaka 2015. Na systemd ndiyo inayoziamsha huduma nyingine zote, moja baada ya moja na nyingine kwa pamoja, mpaka litokee dirisha la kuandikia neno la siri.

Sasa yatazame masasisho kwa jicho hilo. Programu ya kuandikia barua ikisasishwa vibaya, utajua mara utakapoifungua. Kerneli haiko hivyo: ile ya zamani huendelea na kazi kumbukumbuni salama salimini, ilhali mpya imekwisha kuwekwa diskini pamoja na initramfs yake na grub.cfg yake, na katika hizo haikujaribiwa hata moja. Mtihani ni siku ya kuzima na kuwasha. Mwenye kompyuta ya mkononi ambayo huifunga kifuniko tu bila kuizima aweza kukaa majuma kadhaa juu ya kosa lililokwisha kutendeka, na siku litakapodhihiri akalisingizia jambo jingine kabisa, labda flashi aliyoichomeka jana. Kwa sababu hiyo mtu asijiulize alifanya nini jana usiku. Na aulize mashine ilisasisha nini tangu ilipoamka vizuri mara ya mwisho. Jibu, kwa watumiaji wa Debian na Ubuntu, limeandikwa kwa tarehe na saa katika faili la /var/log/apt/history.log, nalo husomeka hata kompyuta ikiwa haiamki, kwa njia nitakayoieleza.

Dalili nazo hufuata mpangilio ule ule. Ikiwa hata GRUB haikuonekana, na mashine imekupeleka kwenye mipangilio ya UEFI au imekwambia hapana kifaa cha kuanzia, gunia halikutoka mkono wa kwanza, na haifai kitu kuhangaika na kerneli. Kioo kikiandika grub rescue> na kusubiri, GRUB imeamka nusu: imezikosa moduli zake, au patisheni iliyokuwa ikizihifadhi. Kikiandika Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0), hapo kerneli imefika, ila imefika mikono mitupu, zile sifuri mbili ndani ya mabano zasema kwamba haikuiona diski iliyoambiwa ianzie, na baada ya sasisho maana yake, mara nyingi, ni kwamba initramfs haikuja pamoja nayo. Likitokea neno (initramfs) na nafasi ya kuandika amri, kifurushi kimefika lakini kimeitafuta diski kuu kisiipate. Na ule mstari usemao You are in emergency mode ndio wenye heri kuliko yote, ingawa jina lake latisha, kwa kuwa systemd imekwisha kushika kazi na mfumo karibu wote umesimama; aghalabu kosa limo katika faili la /etc/fstab, ambamo imetajwa diski au patisheni isiyokuwapo tena, na systemd huingojea kwa dakika moja na nusu, ikihesabu sekunde mbele ya macho yako, kabla ya kukata tamaa. Kuweka alama ya # mwanzoni mwa mstari ule mmoja kwatosha kuiamsha kompyuta.

Hapa nina neno na watengenezaji. Ubuntu, ikiwa ndiyo peke yake katika kompyuta, huificha menyu ya GRUB, na mistari yote ya kuamka huifunika kwa picha, kwa maneno mawili yaliyowekwa katika maagizo ya kerneli: quiet na splash. Makusudi ni uzuri, na siku ya amani uzuri haudhuru. Lakini siku ya shida mtu huachwa mbele ya alama ya kampuni inayozunguka bila kikomo, naye hana ithibati yoyote ya mahali kazi ilipokwama. Kuipata menyu, katika mashine za UEFI gusa Esc mara moja pindi nembo ya kiwanda inapotoweka. Katika mashine za BIOS shikilia Shift. Menyu ikitokea, bonyeza e, utafute mstari unaoanza kwa neno linux, uyafute yale maneno mawili, kisha ubonyeze Ctrl na X kwa pamoja. Badiliko hilo ni la kuamka huko kumoja tu, wala halidumu. Mistari itakayoteremka ni ya Kiingereza, na wako wanaoiogopa kwa sababu hiyo. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba menyu na maelekezo ya programu yasemeka kwa Kiswahili kizuri. Lakini mistari ya kerneli haikutafsiriwa kwa lugha yoyote, na Mjerumani na Mjapani huisoma kama tuisomavyo sisi. Hapana haja ya kuielewa yote. Wa mwisho kuandikwa, na wowote wenye neno failed, ndiyo ya kutazamwa.

Dawa ya kwanza, ambayo mara nyingi huwa ndiyo ya mwisho, ni kuchagua katika menyu ile mlango wa Advanced options na kuamka kwa kerneli ya nyuma. Fedora, kama kawaida yake, huhifadhi kerneli tatu. Ubuntu huiacha ya karibuni na iliyoitangulia. Arch Linux huweka moja tu, na anayeitumia hana budi kujisimikia ya pili ya akiba. Kompyuta ikiamka kwa kerneli ya zamani, kwa tendo hilo moja umekwisha kuthibitisha kwamba bodi ni nzima, diski ni nzima na GRUB ni nzima, na kwamba shida ni ya kerneli mpya au ya kifurushi chake. Tazama basi kwa amri ya df -h /boot kama patisheni ya boot haikujaa, maana katika kompyuta zilizotengewa patisheni hiyo pekee, nayo ni ndogo, kerneli za miezi mingi hujirundika mpaka initramfs mpya ikakosa pa kuandikwa. Hapo apt autoremove huziondoa zisizohitajiwa, na dpkg --configure -a huirudia kazi iliyokatizwa.

Lakini vipi ikiwa hapana kerneli ya zamani? Nilimtazama fundi mmoja kijana, dukani kwake Kariakoo, akiishughulikia kompyuta ya mwalimu wa sekondari aliyekuwa katika hali hiyo: boot ilijaa katikati ya sasisho, mwalimu akaona ujumbe wa kukosa nafasi, akazifuta kerneli za zamani ili aipate, akaizima mashine kabla kazi haijarudiwa. Ilipowashwa ilitoa kernel panic, na zile sifuri mbili. Fundi alichomeka flashi yenye Ubuntu, akaiambia UEFI ianze kwa flashi badala ya diski, na baada ya kitambo kidogo kioo kikang'aa.

“Mwalimu, faili zako zimo zote.”

“Una hakika, kijana wangu? Humo mna alama za kidato cha nne.”

“Zimo, mwalimu. Sogea uzione mwenyewe.”

Akamfungulia folda, mwalimu akaziona, akavuta kiti akaketi. Na hapo ndipo kazi hasa ilipoanza. Fundi aliandika lsblk ili azione patisheni na ukubwa wake, akaitambua kuu kwa kuwa ndiyo kubwa, akaiunganisha mahali paitwapo /mnt, akaiunganisha ya boot ndani yake kwenye /mnt/boot, na ile ndogo ya UEFI kwenye /mnt/boot/efi. Akaviazima kwa mount --bind vitu vitatu vya mfumo uliokuwa hai, yaani /dev, /proc na /sys, ambavyo bila yake amri nyingi hazifanyi kazi. Kisha akaandika chroot /mnt. Amri hiyo ni kongwe, imo katika Unix tangu toleo la saba la mwaka 1979, na kazi yake ni kuiambia programu kwamba tangu sasa mzizi wa dunia yako ni hapa. Kwa hiyo kompyuta iliyokuwa ikiendeshwa kwa flashi ikawa, kwa kila amri iliyofuata, inatenda ndani ya mfumo wa mwalimu, kana kwamba mfumo ule umeamka wenyewe. Humo aliandika dpkg --configure -a, na mistari ikateremka, mmoja wao ukisema kwamba initramfs inatengenezwa. Akafuatiza update-grub, akatoka, akaviondoa vyote alivyoviunganisha, akaichomoa flashi. Mtu aliyeyafahamu matendo hayo ameshika dawa ya magonjwa mengi yanayosimuliwa katika sura hii, kwa sababu ndani ya chroot aweza kurudisha toleo la zamani, kusimika GRUB upya, kurekebisha fstab na kusoma kumbukumbu za mfumo.

Wala asidhani mtu kwamba masaibu haya ni ya wasiojua. Tarehe 29 Julai 2020, watafiti wa kampuni ya Eclypsium walitangaza kasoro katika GRUB, wakaiita BootHole: jinsi GRUB ilivyokuwa ikilisoma faili la grub.cfg iliacha mwanya ambao adui mwenye uwezo wa kulibadilisha angeweza kuupitia akaendesha programu yake kabla ya mfumo kuamka, hata pale ambapo Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokubali programu zenye sahihi tu, umewashwa. Masasisho yakatolewa upesi, na seva nyingi za Red Hat Enterprise Linux na CentOS, za matoleo ya 7 na ya 8, zilipowashwa upya hazikuamka. Kosa lilikuwa katika shim, programu ndogo isimamayo baina ya UEFI na GRUB ili sahihi zikubaliwe. Na waliokuwa zamu waliingia kwa diski ya kusimikia, wakafanya chroot, wakazirudisha shim na GRUB kwenye matoleo ya nyuma, mpaka ilipotolewa shim iliyorekebishwa siku chache baadaye. Sasisho la kuziba mwanya kabla ya kuamka likawa limeziba kuamka kwenyewe.

Mkasa wa Agosti 2022 naupenda zaidi, kwa kuwa waonyesha jinsi vitu viwili, kila kimoja kizima peke yake, vinavyoweza kuharibiana. GRUB mpya iliyoletwa katika Arch Linux ilikuja na desturi ya kuandika ndani ya grub.cfg swali dogo: je, mashine hii yaweza kumpeleka mtumiaji kwenye mipangilio ya UEFI? Swali hilo liliandikwa fwsetup --is-supported. Sasa katika Arch, sasisho huleta vyombo vipya vya GRUB, lakini ile GRUB iliyokwisha kusimikwa katika patisheni ya kuamkia haiguswi mpaka mwenyewe atoe amri ya grub-install. Waliolitengeneza upya grub.cfg bila kutoa amri hiyo, na watumiaji wa EndeavourOS, mfumo uliozaliwa na Arch, walikuwamo wengi, wakawa wameweka maagizo mapya mbele ya msomaji wa zamani, ambaye neno la pili hakulijua. Yeye alisoma fwsetup, akatii kama alivyozoea: akampeleka mtu kwenye mipangilio ya UEFI, na kila alipotoka akamrudisha huko huko. Swali likatekelezwa kama amri. Aliyetazama kwa pupa alidhani bodi imeharibika, ilhali dawa ilikuwa flashi, chroot, na grub-install.

Yako pia masasisho yanayomdhuru jirani. Agosti 2024 sasisho la Windows liliiongeza UEFI orodha ya shim za zamani zisizokubaliwa tena, na kompyuta zenye mifumo miwili pamoja zikakataa kuamsha Linux, zikiandika kwamba SBAT self-check imeshindwa. Hapo aliyekataa ni shim yenyewe, ikiifuata orodha iliyowekwa katika UEFI. Huzimwa Secure Boot kwa muda, Linux ikaamshwa na kusasishwa, kisha ulinzi ukarudishwa.

Ya vioo vinavyobaki vyeusi baada ya kila kitu kwenda sawa nitayapitia upesi. Aghalabu ni draiva ya NVIDIA ambayo haikujengwa kwa ajili ya kerneli mpya. Bonyeza Ctrl, Alt na F3. Ukitokea mstari wa kuandikia jina, mfumo umeamka wote na picha tu ndiyo iliyokosekana. Kuongeza neno nomodeset katika ule mstari wa menyu ya GRUB mara nyingi hurudisha picha hafifu, ya kutosha kuisimika draiva upya.

Kwa asiyependa kungojea shida, openSUSE tangu toleo la 13.2 la mwaka 2014 huiweka diski kuu kwa mtindo wa Btrfs, ambao huhifadhi sura ya mfumo ilivyokuwa kabla ya kila sasisho na kuionyesha katika menyu ya GRUB, mtu akachagua kuamkia ile ya kabla. Watumiaji wa Ubuntu na Mint hupata jambo la karibu na hilo kwa programu ya Timeshift. Simu za Android, ambazo kerneli yake ni Linux, zilipewa tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016 njia iliyo bora kuliko hizo: simu iliyotengenezewa njia hiyo ina patisheni za mfumo jozi mbili, sasisho huandikwa katika jozi isiyotumika, na jozi mpya ikishindwa kuamka simu hurudi yenyewe kwenye ya zamani. Kwa nini kompyuta za mezani hazijapewa starehe hiyo kwa wingi, ilhali diski zake ni kubwa mara nyingi zaidi, ni jambo linalonishangaza.

Imebaki hali moja ambayo sasisho husingiziwa bure. Diski inayokaribia kufa yaweza kuendelea miezi na miezi ikisomwa kidogo kidogo, mpaka sasisho liiandikie mafaili maelfu kwa mpigo, nayo ikaanguka siku hiyo. Ndani ya flashi ya kuokolea, amri ya smartctl -a hutoa habari za afya yake, na mistari ya kerneli yenye maneno I/O error huzitilia nguvu. Ukiyaona hayo usianze na fsck, ingawa wengi watakushauri, kwa kuwa fsck hurekebisha kwa kuandika, na diski ya namna hiyo kila maandishi mapya huizidishia maradhi. Chukua diski nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, uinakili nzima kwa ddrescue, ambayo huyachukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi na kuyaacha mwisho yaliyo magumu, kisha fsck na majaribio mengine yote uyafanye juu ya nakala.